Nani ataing'oa Windows Ifakara? Simu imeshaanza, printa haijakubali

Msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu ukifunguliwa, steshenari za Ifakara hujaa kuanzia Kibaoni hadi Viwanja Sitini. Anayetaka kujua biashara ya kompyuta inaelekea wapi katika Bonde la Kilombero asimame tu kando ya kaunta atazame. Mwanafunzi hatoi tena flashi mfukoni. Anaambiwa, "Nitumie WhatsApp, namba hiyo hapo ukutani." Cheti cha kuzaliwa kimepigwa picha kwa simu, picha imegeuzwa PDF kwenye simu hiyohiyo, na barua imetaipiwa kwa kidole gumba. Mhudumu anafungua WhatsApp Web kwenye kompyuta ya mezani, anapakua faili, ananyoosha mistari iliyoruka kwenye Word, anabonyeza kuprinti. Kazi karibu yote imefanyika kwenye simu. Kompyuta imehitajika dakika mbili za mwisho, na imehitajika kwa sababu printa iliyo chini ya kaunta haisikilizani na kitu kingine isipokuwa Windows.

Dakika hizo mbili ndizo zinazogombewa na kampuni kubwa za teknolojia. Mwaka 2025 Google ilitangaza kwamba inaunganisha Android na ChromeOS kuwa msingi mmoja wa kuendesha kompyuta. Mei mwaka huohuo Huawei ilizindua nchini China kompyuta mpakato zinazotumia HarmonyOS, mfumo wake uliokwisha kuzoeleka kwenye simu. Samsung ilitangulia zamani: tangu 2017 baadhi ya simu zake za Galaxy zikichomekwa kwenye skrini kubwa hugeuka kuwa kompyuta, kwa huduma inayoitwa DeX. Hii yote ni mifumo endeshi mseto. Inabeba programu za simu, lakini inafungua madirisha mengi kwa pamoja, inakubali kibodi na kipanya, na inataka kukaa mezani.

Je, mseto huo unaweza kuipokonya Windows meza yake? Duniani Windows bado iko kwenye takriban kompyuta 7 kati ya 10, na Android iko kwenye simu 7 kati ya 10. Nikiitazama Ifakara, jibu langu ni kwamba mseto utaichukua kaunta mapema kuliko wengi wanavyodhani, na utakaa nje ya chumba cha mhasibu kwa miaka mingi.

Mlango wa kaunta umefunguliwa na Microsoft wenyewe. Tarehe 14 Oktoba 2025 walisitisha huduma ya kawaida ya masasisho ya usalama kwa Windows 10. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda mbele, yaani zile zilizoanza kutoka mwaka 2017. Masharti hayo hayalingani na soko letu. Kompyuta mpakato inayonunulika hapa ni ya mtumba: HP EliteBook, Dell Latitude, Lenovo ThinkPad, zilizofanya kazi maofisini ughaibuni kabla ya kufika Kariakoo na kupandishwa basi la Ifakara. Nyingi ni za kizazi cha 4, cha 5 au cha 6. Fundi hodari atakupigia Windows 11 kwa njia ya mkato na itawaka, lakini hakuna anayekuhakikishia kwamba sasisho lijalo litapita.

Tena Windows nyingi kati ya hizo hazina leseni. Hili naliandika kwa uchungu, kwa sababu gharama yake wanailipa wasio na hatia. Mashine isiyosasishwa ndiyo inayolea virusi vya flashi. Mteja anachomeka flashi yake, na mafolda yote yanageuka shotikati zisizofunguka. Ndani kuna ripoti ya utafiti ya mwanafunzi wa uuguzi, au hesabu za mwaka za chama cha wakulima, na nakala nyingine hakuna. Kwenye Android kila programu imefungiwa eneo lake na haiingii la jirani bila ruhusa, ndiyo maana virusi vya aina hii haviiwezi simu ile inayotuma faili kwa WhatsApp. Watu wa bonde hili waliiacha flashi wenyewe, bila kampeni ya mtu.

Kazi za ofisi nazo zimehamia kwenye kivinjari. Kontrol namba ya malipo ya serikali, zabuni za NeST tangu 2023, maombi ya mikopo ya HESLB, ajira za umma, usajili wa kampuni na majina ya biashara BRELA, vyama vya ushirika kwenye MUVU: vyote vinafunguka popote penye intaneti na kivinjari cha kisasa. Zahanati ni mfano mzuri zaidi. Muuguzi anajaza vitabu vya takwimu za afya, yaani MTUHA, kwa kalamu, kisha takwimu zinaingizwa kwenye DHIS2, mfumo ulioundwa Chuo Kikuu cha Oslo na ambao nchi yetu imeutumia kwa zaidi ya miaka kumi. DHIS2 haiulizi uko kwenye Windows au la, na ina programu yake ya Android.

Bonde hili pia lina uzoefu ambao miji mingi haina. Taasisi ya Afya Ifakara, iliyotokana na maabara ya Waswisi iliyoanzishwa miaka ya 1950, imekuwa ikifuatilia kaya za Kilombero na Ulanga tangu 1996: nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehama. Kazi hiyo ilianza kwa fomu za karatasi. Baadaye kazi za utafiti za namna hii zikahamia kwenye vifaa vya mkononi, kwa programu kama ODK, iliyoanza 2008 na kutengenezwa makusudi kwa Android. Kijana wa kukusanya takwimu anajaza fomu kijijini pasipo na mtandao, jioni anarudi penye mnara, data inapanda. Umeme ukikatika kazi haisimami. Kompyuta ya mezani ya mjini haijawahi kutoa huduma hiyo.

Kisha ikaja Sensa ya Agosti 2022, nchi nzima ikahesabiwa kwa vishikwambi. Baada ya sensa karibu vishikwambi 300,000 viligawiwa kwa walimu na watumishi wengine wa elimu. Kwa biashara ya kompyuta huo ulikuwa ugawaji mkubwa wa vifaa, na havikuwa vya Windows. Mwalimu wa shule ya kata huko Mlimba au Malinyi sasa anaandaa maazimio ya kazi na mtihani kwenye kishikwambi. Mtihani ukiiva anautuma kwa WhatsApp, anapanda bodaboda, anaufuata steshenari. Tumerudi palepale kwa printa.

Printa nyingi za mjini hapa ni za waya, na draiva zake ziliandikwa kwa ajili ya Windows. Android inaprinti vizuri kwa printa za Wi-Fi zinazofuata kanuni za kisasa, lakini mashine kubwa ya fotokopi iliyonunuliwa kwa mtumba, ambayo ndiyo mtaji mkuu wa steshenari, kwa kawaida haimo kwenye kundi hilo. Mwenye duka hawezi kuitupa kwa sababu Google imetoa mfumo mpya. Na DeX haimsaidii, kwa sababu simu za bei ya chini zinazotumika hapa hazitoi picha kupitia tundu la kuchajia, na kumbukumbu yake ndogo haiwezi kubeba madirisha sita. Mseto utakaouzika Ifakara utakuja ndani ya kompyuta mpakato ya bei ya chini, au usije kabisa.

Ipo ChromeOS Flex, iliyotoka 2022, ambayo inawekwa bure kwenye kompyuta kuukuu. Nimeona ikisifiwa kama mkombozi wa mitumba. Tatizo ni kwamba Flex haina duka la programu za Android, kwa hiyo anayeiweka anabaki zaidi na kivinjari. Kwa zahanati ya DHIS2 inatosha. Kwa steshenari haitoshi.

Tuingie sasa chumba cha mhasibu. Kiwanda cha Sukari Kilombero kimekuwa na mradi wa upanuzi wa K4, wenye lengo la kuinua uzalishaji kutoka tani 127,000 hadi tani 271,000 kwa mwaka, na miwa ya ziada inategemewa kutoka kwa wakulima wadogo kupitia vyama vyao vya ushirika wa mazao (AMCOS). Maana yake ni mizani mingi zaidi, makato mengi zaidi, malipo ya maelfu ya watu kwa msimu. Programu ya uhasibu ambayo wahasibu wengi wanaijua, Tally, inakaa kwenye Windows. Programu ya takwimu ya Stata wanayotumia watafiti inakubali Windows, macOS na Linux, lakini si Android. Faili la Excel lenye makro alizoandika mhasibu aliyestaafu halifunguki sawasawa kwenye simu. Hakuna bodi ya chama itakayokubali kuhatarisha malipo ya wakulima ili kujaribu mfumo, na mimi siwalaumu.

Mseto si wazo jipya, na waliojaribu kabla walianguka. Canonical, kampuni ya Ubuntu, mwaka 2013 iliomba umma uichangie dola milioni 32 itengeneze simu inayogeuka kompyuta. Zilipatikana ahadi za karibu milioni 13, na mwaka 2017 kampuni ikaachana na wazo lote. Remix OS, Android iliyovalishwa sura ya kompyuta, ilisitishwa mwaka huohuo wa 2017. Microsoft nao walijaribu kutoka upande wa pili, wakaingiza programu za Android ndani ya Windows 11, kisha Machi 2025 wakaifunga huduma hiyo. Kwetu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa mwaka 2004 programu ya ofisi ya Kiswahili iliyoitwa Jambo OpenOffice. Ilikuwa kazi ya heshima na ya bure kabisa. Lakini kozi za kompyuta za miezi mitatu ziliendelea kufundisha Word, Excel na Access, na fundi wa mtaani aliendelea kujua kitu kimoja, kupiga Windows. Soko lilimfuata fundi.

Tofauti ya sasa ni kwamba mtumiaji hahitaji kufundishwa. Mwanafunzi aliyemaliza kidato cha nne hapa Ifakara ameishika Android miaka kadhaa kabla ya kukaa mbele ya kompyuta, na akikutana na mashine yenye programu zilezile atafanya kazi siku hiyohiyo. Kikwazo kimetoka kichwani kwa mtumiaji kikahamia kwenye waya wa printa na leja ya mhasibu, na kati ya hivyo viwili ni waya tu unaobadilika kwa kununua kifaa kimoja.

Wa kwanza kuhama watakuwa shule na zahanati, kwa sababu kazi zao ziko kwenye kivinjari na vishikwambi vimeshawazoesha. Watafuata mawakala wa fedha za simu na wafanyabiashara wa mpunga, ambao kwa sasa wanatunza hesabu kwenye kaunta buku. Steshenari zitaweka mashine mbili, ya mseto ya kupokea kazi na ya Windows iliyofungwa kwenye fotokopi kuukuu. AMCOS na ofisi za watafiti zitabaki na Windows, na ni vema wazibadilishe mashine zao ziwe zinazopokea masasisho, kwa leseni halali. Mwenye steshenari aliye na fedha ya kununua kifaa kimoja msimu huu, anunue printa ya Wi-Fi kabla ya kompyuta nyingine.