Rimoti Moja ya Kuendesha King'amuzi

Tangu Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia jijini Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Kenya ikafuata mwaka 2015, king'amuzi kimekuwa chombo cha lazima katika nyumba nyingi, na rimoti yake ikaongezeka mezani kando ya ile ya televisheni. Rimoti hiyo ikipotea, au ikimwagikiwa chai, au vitufe vyake vikilika kwa kubonyezwa, jamaa nzima hupata adha isiyolingana na udogo wa chombo chenyewe, kwa sababu ving'amuzi vingi havina usoni ila vitufe vichache visivyotosheleza haja. Na hasa hutaabika wazee, ambao kusikiliza habari za jioni ni ada yao, na hawana wa kuwasaidia mpaka vijana watoke kazini.

Dawa ya adha hiyo ni rimoti ya vyombo vyote, inayouzwa katika maduka ya vifaa vya umeme. Fikra yake si ngeni, kwani kampuni ya Philips ilitoa rimoti ya namna hiyo huko Marekani mwaka 1985 kwa jina la Magnavox. Lakini aghalabu mtu huinunua, akaielekeza kwenye king'amuzi, akabonyeza, akaona kimya, kisha akaihukumu kuwa mbovu, ilhali haijaambiwa bado itumikie chombo gani.

Rimoti nyingi hupeleka amri kwa nuru ya infraredi, ambayo jicho la mwanadamu haliioni, nayo nuru hiyo hupepesa aghalabu mara 38,000 hivi kwa sekunde ili king'amuzi kiitofautishe na mwanga wa jua na wa taa. Ndani ya mipepeso hiyo mna ujumbe uliopangwa mfano wa barua: aghalabu kwanza anwani ya chombo kinachoambiwa, kisha amri yenyewe, iwe ya kuwasha, ya kubadili stesheni au ya kuongeza sauti. Maadamu watengenezaji hawakuafikiana juu ya anwani wala juu ya mpango wa ujumbe, rimoti ya king'amuzi cha kampuni moja aghalabu haisikilizwi na cha kampuni nyingine. Lakini rimoti ya vyombo vyote imehifadhi mipango mingi, kila mmoja kwa namba yake, ili mwenyewe achague unaomfaa.

Taratibu za kuchagua hutofautiana kidogo baina ya rimoti na rimoti, kwa hiyo kijitabu chake kisitupwe. Lakini njia ya kawaida ni hii. Tia betri mpya, washa king'amuzi, na utafute kijitabuni jina la mtengenezaji wa king'amuzi, wala si la televisheni, kwani hivi ni vyombo viwili mbalimbali. Shikilia kitufe chenye maandishi SET mpaka taa ndogo ya rimoti iwake bila kuzimika, bonyeza kitufe cha STB au SAT, kisha ingiza namba, ambayo aghalabu ni ya tarakimu nne. Taa ikizimika, jaribu kuzima king'amuzi, kubadili stesheni na kufungua menyu, maana huenda namba ikakubali amri moja na kukataa nyingine. Ikiwa hivyo, ingiza inayofuata katika orodha.

Jina la mtengenezaji lisipokuwamo, rimoti nyingi hujitafutia zenyewe: hupeleka ishara moja baada ya nyingine, nawe ukae macho, ili king'amuzi kikizimika tu uihifadhi namba hiyo kabla haijapita. Ziko pia rimoti za kujifunza, na hizo ndizo bora endapo rimoti ya asili ingali inafanya kazi: zielekezane vichwa kwa umbali wa sentimita chache, kisha kila kitufe cha mpya kifundishwe na mwenziwe wa ile ya zamani.

Mambo yakikataa, chunguza kabla ya kumwita fundi. Elekeza ncha ya rimoti kwenye kamera ya simu na ubonyeze kitufe. Kamera nyingi huiona nuru ile, na ikionekana, rimoti inapeleka ishara. Tazama pia kama uso wa king'amuzi umefunikwa na kitambaa cha kufuma. Fauka ya hayo, baadhi ya vyombo vipya hupokea amri kwa Bluetooth, na hivyo havitaisikia rimoti ya infraredi hata ukiingiza namba zote za kijitabuni. Basi uliza jambo hili dukani kabla ya kutoa fedha.

Namba iliyokubali iandike kwenye karatasi na kuibandika ndani ya kifuniko cha betri, kwa kuwa baadhi ya rimoti husahau yote betri zinapotolewa. Kisha mwite mzee wa nyumba, au mtoto aliyefikia umri wa kufahamu, afuate taratibu hizi kwa mkono wake mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho. Maana maarifa haya hayana gharama, na nyumba ambamo yanajulikana na zaidi ya mtu mmoja haina haja ya kumlipa mtu kwa kazi ya dakika chache.