Bluu Kwa Skrini, Zambarau Kwa Karatasi: Dizaina, Usigombane na Fundi Bado

Umekesha ukidizaini flaya ya gig. Kwa laptop bluu inawaka noma. Unapeleka faili kwa fundi wa kuchapa hapo River Road, anakutolea kopi thao moja. Kufungua boksi, maze, bluu imegeuka zambarau. Klaenti hataki story, na doh ya deposit ushakula.

Buda, tulia kwanza. Skrini hutengeneza rangi na mwanga: nyekundu, kijani na bluu, ndio RGB. Ukiwasha zote full, unapata nyeupe. Mashine ya kuchapa haina mwanga, ina wino: sayani, majenta, njano na nyeusi, ndio CMYK. Wino humeza mwanga. So kuna bluu na kijani kali ambazo karatasi haitawahi kutoa na hizo wino nne, hata mashine iwe ya mamilioni. Ile bluu safi ya 0, 0, 255 ndio huumiza wasee sana. Kuikaribia, mashine inachanganya sayani na majenta, na majenta ikizidi kidogo tu, umeingia zambarau.

Halafu namba pekee hazisemi rangi. 255 ya simu yako si 255 ya simu ya beshte yako. Ndio maana kuna profaili za ICC, vifaili vya kueleza namba zinamaanisha rangi gani kwa kifaa fulani. Adobe, Apple, Kodak na wenzao walianzisha ICC 1993 juu kila kampuni ilikuwa na lugha yake ya rangi.

Sasa, penye wengi huteleza. Photoshop iko na Assign Profile na Convert to Profile. Ya kwanza inaacha namba vile ziko lakini inabadilisha maana yake, so rangi inaruka. Ya pili inabadilisha namba ndio rangi ibaki karibu vile ilikuwa. Ukienda kuchapa, unataka ya pili, tena kwa kopi. Ile RGB ya kwanza iweke, utaihitaji ukipost Instagram.

Muulize fundi profaili kabla uanze kazi, na umwambie ni karatasi gani, juu ya kung'aa na ya kawaida hazinywi wino sawa. Akikupa, iweke kwa Proof Setup halafu ubonyeze Ctrl+Y. Bluu ikififia hapo, ibadilishe saa hiyo. Na lipia kopi moja ya kujaribu, kwa mashine ile ile itachapa hizo zingine.