Barua Halali Jalalani: Jinsi Seva Inavyoamua Barua Pepe Ipi ni Taka

Tuseme shule moja ya sekondari inawaandikia wazazi 900 barua pepe ya kuwaarifu kwamba zimesalia siku nne tu za kuthibitisha nafasi za kidato cha tano. Karani anabonyeza kitufe, na kompyuta inamjibu kwamba barua zote zimekwenda. Hata hivyo siku ya nne inapita, na wazazi wengi hawana habari. Barua hazikupotea njiani. Zilifika kwenye seva za wapokeaji, zikapimwa, zikahukumiwa, kisha zikatiwa katika folda ya barua taka, ambayo watu wachache huifungua. Karani hakuambiwa, wala mzazi hakuambiwa. Makala haya yanakusudia kueleza hukumu hiyo hutolewa kwa misingi gani, na mtumaji mwaminifu afanye nini ili asihukumiwe pamoja na matapeli.

Tatizo lenyewe ni la zamani kuliko wasomaji wetu wengi. Tarehe 3 Mei 1978, Gary Thuerk wa kampuni ya Digital Equipment Corporation huko Marekani alipeleka tangazo la kompyuta mpya kwa watumiaji wapatao 400 wa mtandao wa ARPANET, ambao hawakuwa wameliomba. Walikasirika sana, lakini biashara ilikuwa imekwisha kuona kwamba kumwandikia mtu wa mia nne hakugharimu zaidi ya kumwandikia wa kwanza. Miaka minne baadaye, yaani 1982, Jonathan Postel aliandika kanuni za kupelekeana barua pepe ambazo ndizo msingi wa zile tunazozitumia hadi leo. Kanuni hizo zilitungwa kwa ajili ya jamii ndogo ya wataalamu waliofahamiana, na kwa hiyo hazikumtaka mtumaji athibitishe jina lake. Ni sawa na bahasha inayotiwa katika sanduku la posta: nyuma yake mtu aweza kuandika jina lolote apendalo.

Kwa sababu hiyo, seva inayopokea barua leo hujiuliza mambo mawili: barua hii inasema nini, na imetoka kwa nani hasa?

Swali la kwanza hujibiwa kwa hesabu ya uwezekano iliyotokana na kazi ya Thomas Bayes, kasisi wa Uingereza, ambayo ilichapishwa mwaka 1763, baada ya kifo chake. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani walionyesha jinsi inavyoweza kuchuja barua, na mwaka 2002 Paul Graham akaieneza miongoni mwa waandishi wa programu. Hebu tuchukue mfano wa kubuni. Kati ya barua 1,000 zilizokwisha kuainishwa, 600 ni taka na 400 ni halali. Neno “bure” limeonekana katika barua taka 240 na katika barua halali 20. Basi barua mpya ikiwa na neno hilo, uwezekano wa kuwa taka ni 240 kugawanya kwa 260, yaani karibu 0.92. Huo ni ushahidi mzito.

Lakini tuseme barua hiyo ina pia neno “muhula”, ambalo limeonekana katika barua taka 6 na katika barua halali 120. Tukichukulia kwamba maneno hayo mawili hayategemeani, tunatarajia yaonekane pamoja katika barua taka 600 × 0.4 × 0.01, yaani 2.4, na katika barua halali 400 × 0.05 × 0.3, yaani 6. Uwezekano wa kuwa taka unashuka hadi 2.4 kugawanya kwa 8.4, au 0.29 hivi. Mwanafunzi ataona kwamba hakuna neno moja linaloiangamiza barua peke yake. Ule ushauri unaosikika mara kwa mara, wa kuepuka orodha ya “maneno mabaya”, kwa maoni yangu hauna uzito mkubwa. Vichujio vya siku hizi hupima mambo mengi zaidi ya maneno, na hujifunza kila siku.

Swali la pili ndilo lenye uzito zaidi, na ndilo ambalo shule nyingi hulisahau. Sehemu ya anwani inayofuata alama ya @ huitwa kikoa. Mwenye kikoa aweza kuweka katika daftari la hadhara la majina ya intaneti orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lake. Utaratibu huu huitwa SPF. Seva inayopokea hutazama barua imetoka kwenye mashine ipi, kisha hulinganisha na orodha. Udhaifu wake ni kwamba barua ikipitishwa kwa mtu wa tatu, mashine iliyoileta huwa si ile iliyoorodheshwa.

Utaratibu wa pili, DKIM, hauangalii mashine bali barua yenyewe. Seva ya mtumaji hukokotoa muhtasari wa tarakimu kutokana na maneno ya barua, kisha huutia saini kwa ufunguo wa siri. Ufunguo wa pili, ulio wa hadharani, huwekwa katika daftari lile lile, na yeyote aweza kuutumia kuihakiki saini hiyo. Herufi moja ya habari ikibadilishwa njiani, muhtasari haulingani tena.

Utaratibu wa tatu huitwa DMARC. Huu hudai kwamba kikoa kilichothibitishwa kwa njia mojawapo kati ya hizo mbili kiwe kile kile anachokiona msomaji juu ya barua, na humwezesha mwenye kikoa kutangaza barua zilizoshindwa zifanyweje: ziachwe, zitengwe, au zikataliwe. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo zinawataka watumaji wakubwa wawe na taratibu zote tatu. Kwa Gmail, mtumaji mkubwa ni yule anayepeleka barua 5,000 au zaidi kwa siku katika akaunti binafsi. Shule yetu haifiki huko, lakini hata mtumaji mdogo hutakiwa kuwa na SPF au DKIM.

Saini, hata hivyo, huthibitisha jina tu, haithibitishi tabia. Tapeli naye aweza kusajili kikoa na kukitia saini. Kwa hiyo wapokeaji wenyewe hupiga kura kila wanapobonyeza kitufe cha kushtaki taka. Gmail huwataka watumaji wasifikie kiwango cha 0.3 kwa mia; katika barua 1,000, hao ni watu watatu! Mzazi ambaye mwanawe alimaliza shule miaka sita iliyopita, na bado anaandikiwa kuhusu ada, ni mmoja wa watatu hao. Orodha isafishwe kila mwaka, anwani zilizokufa zifutwe, na kila barua iwe na njia nyepesi ya kujitoa. Kadhalika, shule inayokodi nafasi ya bei rahisi katika seva ya watu wengi huenda ikabeba lawama za jirani asiyemjua.

Zoezi lifuatalo laweza kufanywa darasani. Fungua barua yoyote ya halaiki uliyopokea, kisha chagua kuonyesha maandishi yake ya asili. Tafuta maneno spf, dkim na dmarc. Kando ya kila moja pameandikwa pass au fail, yaani imefaulu au imeshindwa. Chunguza barua kumi za folda ya kawaida na kumi za folda ya taka, uchore jedwali, kisha zitafute zile za taka zilizofaulu mitihani yote mitatu.