Njia ya Mtakatifu Yakobo (3): Kutoka Santiago Hadi Baharini

Juma lililopita tuliwaacha mahujaji uwanjani mbele ya kanisa kuu la Santiago de Compostela, kaskazini-magharibi mwa Hispania. Baadhi yao walianzia Saint-Jean-Pied-de-Port, Ufaransa, kiasi cha kilomita 800. Wameshasali kwenye kaburi la Mtume na cheti wanacho mkononi. Kwa upande wa Kanisa, hija imetimia. Hata hivyo, kesho yake alfajiri wapo wanaojitwika tena mizigo na kushika njia ya magharibi, kuifuata Atlantiki.

Desturi hiyo ni ya tangu karne za kati, watu walipoamini kwamba nchi kavu inakomea kwenye rasi ya Fisterra, takriban kilomita 90 kutoka Santiago. (Kwa kweli Cabo da Roca, Ureno, imechomoza zaidi magharibi.) Lakini mimi naona mwili nao una hoja yake. Aliyetembea mwezi mzima hawezi kuzoea kukaa kwa usiku mmoja. Kukikucha miguu inadai njia. Siku tatu au nne za kupita Negreira na Olveiroa, kati ya mashamba ya mahindi na maghala ya mawe yaliyoinuliwa juu ya nguzo ili panya wasipande, zinamwezesha kuiaga safari taratibu. Ndiyo maana namshauri mwenye nafasi asipande basi.

Mbele ya Olveiroa njia inagawanyika: kushoto Fisterra, kulia Muxía. Walio wengi hukata kushoto. Huko wataukuta mnara wa taa wa mwaka 1853, na nguzo ya mawe iliyoandikwa kilomita 0.00. Zamani za karibuni mahujaji walikuwa wakichoma nguo na viatu vyao miambani. Sasa ni marufuku, na ni haki kabisa: upepo wa pale hauchezewi, na vichaka hushika moto upesi.

Mimi ningekata kulia. Muxía ina kanisa la Bikira Maria wa Mashua, lililojengwa juu ya miamba yenyewe, mawimbi yakipiga hatua chache kutoka mlangoni. Wenyeji husimulia kwamba Maria alifika hapo kwa mashua ya mawe kumtia moyo Yakobo aliyekata tamaa ya kuhubiri. Jiwe moja wanasema ndilo tanga. Chini yake watu wenye maumivu ya mgongo hupita mara tisa, wameinama karibu kulala kifudifudi. Siku ya Krismasi 2013 moto uliunguza kanisa hilo, likakarabatiwa. Kabla ya hapo, Novemba 2002, meli ya Prestige ilikuwa imepasuka na mafuta mazito yakaifunika pwani hii. Maelfu ya watu wakaja kwa hiari kuyazoa, wengi wao kwa mikono. Jiwe refu lililopasuliwa katikati limesimamishwa juu ya kanisa kukumbuka jeraha hilo.

Kutoka Muxía hadi Fisterra ni mwendo wa siku nzima kandokando ya pwani, kama kilomita 30, kwa hiyo mwenye nguvu ataziona zote mbili.

Juma lijalo tutaishika njia ya Ureno, kuanzia Lisbon.