Istilahi za Picha ya Ng'ombe Wateremkao Wembere

Mfasiri apewapo picha aiandikie maelezo, mara nyingi huiona kazi hiyo kuwa nyepesi, maana maneno yenyewe hayazidi ishirini. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba maneno ishirini yaliyochaguliwa vibaya yaweza kumwondolea mtu haki yake. Mfano wetu ni picha za mkoani Singida, mvua zikisha kukatika: makundi ya ng'ombe yakishuka kutoka uwanda wa juu wa Iramba kwenda bonde la Wembere.

Kwanza tuutazame wakati. Desturi inayofanana na hiyo ipo katika milima ya Alps, huko Uswisi na Austria, ambako ng'ombe hurudishwa mabondeni Septemba na Oktoba kabla theluji haijafunika malisho ya juu. Wafasiri wengi huyaita majira hayo "vuli". Lakini kwa watu wa pwani, vuli ni mvua ndogo za Oktoba hadi Desemba, wakati majani yanapochipua, wala si yanapopukutika. Naye mkazi wa Singida hana vuli na masika mbalimbali. Anao msimu mmoja tu wa mvua, uanzao Novemba au Desemba na kukoma Aprili au Mei.

Hata neno "kiangazi" lina mtego. Pwani ni joto la baina ya vuli na masika, yaani Januari na Februari. Singida miezi hiyo ni ya mvua, na kiangazi ni Juni hadi Oktoba. Basi tangazo liagizalo mifugo iondolewe bondeni "kabla ya kiangazi" laweza kufahamika kwa namna mbili zinazopishana kwa karibu nusu mwaka. Tunashauri mtumishi wa serikali aitaje miezi yenyewe, na mfasiri wa habari za Ulaya aseme "majira ya majani kupukutika".

Pili, tuliangalie tendo. Kuchunga ni kuilinda mifugo inapokula. Kuswaga ni kuihimiza isonge mbele. Kuhama ni kuyaacha makazi. Kuhamahama ni kuhama mara kwa mara bila kutua, na neno hili limekwisha kubeba dharau. Ushukaji wa Wembere haumo katika maana hizi mbili za mwisho. Bonde hufurika wakati wa mvua, kisha hubaki na majani wakati uwanda wa juu umekauka. Ng'ombe huteremshwa wakalishwe huko, na mvua zikianza hupandishwa tena. Kwa mfugaji ambaye pia ni mkulima, nyumba na shamba havihami.

Kwa safari moja ya kuswaga kundi tunapendekeza "mswago", kwa kufuata njia iliyotupa "mchezo" kutokana na kucheza na "mkato" kutokana na kukata. Kwa desturi nzima ya kwenda na kurudi tunapendekeza "uhamishaji mifugo wa msimu". Sehemu zake mbili ziitwe "uteremshaji" na "upandishaji".

Tatu, tuitazame picha. Ng'ombe akitembea, kamera hupaswa kufunguka kwa muda mfupi, tuseme 1/500 ya sekunde. Ikifunguka kwa 1/30, miguu yake huacha utepe wa ukungu. Kosa hilo tuliite "mkokoto wa mwendo", kwa kuwa mkokoto ni alama ya kitu kilichoburutwa. Ni tofauti na "picha iliyotikisika", ambayo kasoro yake hutokana na mkono wa mpiga picha. Vumbi la kundi hung'aa vizuri jua likiwa nyuma ya wanyama. Huo ni "mwanga wa nyuma". Filamu iliyosafishwa, ambayo weupe wake ni weusi wa picha, huitwa "hasi". Hapa mwandishi wa habari za mifugo ajihadhari, kwani "kuhasi" ni kumfanya fahali kuwa maksai. Katika habari hizo aandike "filamu hasi" kwa ukamilifu.

Nne, na ndilo kubwa, ni jina la wahusika. Picha ile ile ya kundi na vumbi yaweza kuandikiwa "Wafugaji wavamia bonde", au "Wahamiaji waingia Wembere". Msomaji aliye mbali hana njia ya kuyapima maneno hayo. Huyaamini kwa sababu picha ipo mbele yake. Kumbe Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inahesabu ndani ya ardhi ya kijiji hata ardhi itumiwayo kwa mila kuwa njia ya kwenda malishoni. Apitaye njia hiyo hastahili kuitwa mvamizi kabla haijathibitika kuwa ameharibu shamba la mtu. Vilevile, aliyelishiwa mazao yake hastahili kufichwa nyuma ya maneno laini. Hapo mwandishi aseme wazi kwamba ng'ombe wamekula mahindi.

Kwa hiyo maelezo ya picha yataje mambo manne: nani, wapi, mwezi gani, na kama safari ni ya kwenda au ya kurudi. Kwa mfano: "Mswago wa ng'ombe kutoka Iramba kwenda Wembere, mwezi wa Julai. Watapandishwa tena mvua zitakapoanza." Walimu waweza kuwapa wanafunzi picha moja na maelezo matatu yanayotofautiana, wawaulize kila neno linamhukumu nani.