Gable Steveson na Joel Bauman: jina la mutu ni mali ya nani?

Mwaka 2013, ku Iniversite ya Minnesota kule Marekani, mupiganaji wa mieleka mumoja, Joel Bauman, alifungiwa mulango wa mashindano. Hakupiga mutu inje ya uwanja, hakuiba, hakumeza dawa za kuongeza nguvu. Aliimba. Alitunga wimbo wa kutia vijana moyo, akauweka ku intaneti ili watu waununue kwa senti 99. Haifike hata dola moja.

Kosa lilikuwa wapi? Lilikuwa ku jina. Wimbo ule ulikuwa na jina lake la kweli.

Michezo ya iniversite kule inaongozwa na shirika kubwa, NCAA. Sheria yake ya zamani ilisema: mwanafunzi anayecheza ni amatere, ni kusema anacheza kwa mapenzi, bila mushahara. Wengine walilipiwa masomo, lakini hawakuwa na ruhusa ya kuuza kitu kwa jina lao, wala kwa picha yao, wala kwa sifa yao ya uchezaji. Wakubwa walimwambia Bauman: tumia jina la bandia, maneno yataisha. Akakataa. Kwake yeye, mutu hawezi kutia wenzake moyo huku anajificha. Njo vile alivyopoteza nafasi yake.

Na shirika lenyewe lilikuwa linakula wapi? Ku televizio. Mashindano ya baskete ya wanaume peke yake yalifika kuliingizia karibu dola miliari 1,1 kwa mwaka. Makocha wakubwa wanalipwa mamilioni. Anayetoka jasho njo peke yake aliyeambiwa kwamba pesa itamuharibia mapenzi ya muchezo. Mutumikaji yeyote anaijua ile lugha.

Miaka kisha, ku ekipi ile ile ya Minnesota, akaingia Gable Steveson. Alizaliwa mwaka 2000. Wazazi walimupa jina la Dan Gable, bingwa wa Olimpiki ya Munich 1972, aliyeshinda kule bila kuachia hata pointi moja. Mutoto alikua na jina lenye uzito, na mwili wenye uzito vilevile: zaidi ya kilo mia moja, lakini mwepesi kama mutu wa kilo makumi saba.

Mambo hayakuwa laini yote. Mwezi wa Juni 2019, polisi ilimukamata pamoja na mwenzake mumoja wa ekipi, kwa kushukiwa tendo la nguvu juu ya mwanamuke. Iniversite ikamusimamisha. Mwezi wa Desemba, ofisi ya mwendesha mashitaka ikaamua kutowashitaki. Kesi haikufika ku tribunali, na Steveson akarudi kupigana. Lakini neno lile halikuisha mu midomo ya watu. Kila jina lake lilipopanda, lilipanda nalo.

Na lilipanda kweli. Tarehe 6 Agosti 2021, finali ya Olimpiki ya Tokyo, kilo 125. Mbele yake alisimama Geno Petriashvili wa Georgia, bingwa wa dunia mara tatu. Zilibaki kama sekunde kumi, na Steveson alikuwa nyuma, 5 kwa 8. Akazunguka mugongoni mwa mwenzake: pointi mbili. Akazunguka tena wakati saa inafika ku sifuri: pointi mbili zingine. Watu wa Georgia wakalalamika, malalamiko yakakataliwa, pointi moja ikaongezwa. 10 kwa 8. Mutu wa kilo zaidi ya mia akaruka na kupinduka hewani kwa furaha.

Kumbe, muda mufupi mbele ya siku ile, sheria ilikuwa imevunjika. Tarehe 21 Juni 2021, majaji wote tisa wa Mahakama Kuu ya Marekani waliamua kwamba NCAA haiko juu ya sheria ya ushindani wa biashara. Kesi ile ilihusu misaada ya masomo tu, lakini shirika lilielewa upepo. Tarehe 1 Julai likafungua mulango: mwanafunzi anaweza kuuza jina lake na sura yake.

Mwezi wa Septemba, Steveson akasaini kontra na WWE, kompanyi kubwa ya katchi, ile ya televizio ambayo mushindi anajulikana mbele ya kupanda ulingoni. Akaendelea kusoma na kupigania Minnesota. Bauman alipoteza mieleka juu ya senti 99. Steveson akabaki ndani akiwa na kontra ya kompanyi. Shati ya ekipi ilikuwa ile ile. Karatasi ya sheria njo iliyogeuka.

Mwezi wa Machi 2022 alichukua ubingwa wa iniversite mara ya pili, akavua viatu na kuviacha katikati ya uwanja. Kwa desturi ya mieleka, maana yake ni: nimemaliza.

Lakini haki ya kuuza jina ni kitu kimoja, kuijua kazi mupya ni kitu kingine. Katchi inaomba mutu aongee, aigize, achekeshe, akasirishe. Mwaka 2023 alipoingia ulingoni kwa pambano lake la kwanza, watu walimuzomea bingwa wa Olimpiki. Mwezi wa Mei 2024 WWE ikamuachisha. Kisha akajaribu futboli ya Kimarekani na ekipi ya Buffalo Bills, muchezo ambao hakuwahi kuucheza. Mwezi wa Agosti, nayo ikamukata.

Akarudi kuvaa viatu. Tarehe 22 Machi 2025, kule Philadelphia, alikuwa tena ku finali ya iniversite, mbele ya rais Donald Trump. Alikuwa anaongoza. Zilibaki kama sekunde makumi mbili, Wyatt Hendrickson, afisa wa jeshi la anga, akamushika miguu na kumuangusha. 5 kwa 4. Alichowafanyia Wageorgia kule Tokyo, akafanyiwa vilevile. Mwezi wa Septemba mwaka ule alianza kazi ingine, mapigano ya ngumi na mateke, na pambano la kwanza akalishinda mapema.

Wengine wanasema pesa njo iliyomuharibia njia. Siamini. Mutu wa miaka makumi mbili na moja aliyeona nafasi ya kulipwa kwa nguvu zake, aliichukua, kama yeyote kati yetu angefanya. Alikosea kazi mara mbili, na alikosea kwa jina lake mwenyewe. Ile nafasi ya kujaribu na kukosea njo Bauman aliyonyimwa.

Mwezi wa Juni 2025 jaji alikubali mapatano yanayoruhusu iniversite zenyewe kuwalipa wachezaji moja kwa moja, mupaka dola milioni 20,5 kwa kila iniversite kwa mwaka wa kwanza. Yale yaliyoitwa kosa mwaka 2013 leo ni mushahara. Vijana wa leo wanakula matunda yake. Lakini miaka ya mieleka aliyoikosa Bauman, hakuna aliyemurudishia.