Moyo Ukichoka, Tumbo Hukataa Chakula

Mimi ni mtu wa pampu na mabomba, si daktari. Lakini mwaka jana nilipiga simu nyumbani, mama akalalamika: baba yenu anasusa chakula. Vijiko vitatu tu, sahani anaisukuma, na eti uzito haujapungua! Sisi watoto tukamlaumu kwa ubishi. Kumbe ni moyo ulioshindwa kusukuma damu vizuri.

Pampu ikidhoofu, shida hutokea pande mbili. Mbele, damu haitoshi. Mwili huwahi kulinda ubongo na moyo wenyewe, utumbo ukaambulia kidogo. Nyuma, damu inayorudi kwenye moyo hukwama na kujaa kwenye mishipa ya ini na utumbo. Ini huvimba na kubana tumbo, ndiyo maana mgonjwa hushiba upesi na kusikia kichefuchefu. Kuta za utumbo nazo huvimba, virutubisho havifyonzwi vizuri, na sumu za bakteria wa tumboni huweza kupenya hadi kwenye damu. Mwili hujihami kana kwamba umevamiwa, na vita hiyo hula misuli na kuua hamu ya kula.

Hapo ndipo mizani hudanganya. Misuli inapungua, maji yanajaa miguuni na tumboni, jumla inabaki ile ile. Kukonda zaidi ya asilimia 5 ndani ya mwaka mmoja, ukiondoa maji, ni dalili mbaya.

Dawa za kukojoza maji ni muhimu, ingawa zinaweza kupunguza vitamini B1 na potasiamu. Lakini usikimbilie kutuma vidonge kutoka huku! Baadhi ya dawa nyingine za moyo hupandisha potasiamu, na ikizidi inaweza kuua. Daktari apime damu kwanza.

Tufanye nini basi? Mlo mdogo mara tano au sita kwa siku, si sahani mbili za kujaza. Samaki, mayai au maharage visikosekane, chumvi ipunguzwe. Apime uzito kila asubuhi kabla ya chai. Ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, huko si kunenepa, ni maji. Awahi kwa daktari.

Pesa niliyotaka kununulia vidonge nilinunulia mizani. Sasa kila Jumapili mama ananisomea namba, na ugomvi wa sahani umekwisha.